Mshahara wote unaishia kwa dada na nauli: niache kazi nilee?

"Shikamoo mama mshauri. Nina miaka 31, ni mhasibu msaidizi katika kampuni ya uwakala wa forodha Kurasini, huu ni mwaka wa sita. Tunaishi Chanika. Nimejifungua mtoto wa pili, ana miezi miwili. Wa kwanza ana miaka mitano, yuko chekechea. Likizo ya uzazi inaisha baada ya wiki tatu. Mshahara wangu ni 900,000, mkononi napata kama 730,000. Dada wa kazi niliyekuwa naye ameondoka bila kuaga. Mume wangu ni dereva wa malori, anaweza kukaa njiani wiki mbili au tatu. Anasema mshahara wangu wote unaishia kwa dada, nauli na chakula cha mchana, hivyo bora niache kazi, atanifungulia duka hapo hapo nyumbani. Mama mkwe anasema mtoto mchanga haachwi na mtu baki. Juu ya hayo, mama yangu mzazi yuko Korogwe, alipata kiharusi mwaka jana, na kaka zangu wawili wanasema mimi ndiye binti, nipange namna ya kumhudumia. Usiku nikishamnyonyesha mtoto nakaa nalia tu. Nikiacha kazi naona nimeitupa elimu yangu, nikirudi naona mimi ni mama mbaya. Nifanye nini?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa uzazi. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara macho yalirudi kwenye ule mstari wa kulia usiku. Nitaanza nao, mengine yanaweza kusubiri.

Machozi ya siku za mwanzo baada ya kujifungua huwapata wanawake wengi, na kwa kawaida hukauka ndani ya wiki mbili hivi. Mtoto wako ana miezi miwili. Kama bado unalia karibu kila usiku, kama usingizi hauji hata mtoto akilala, kama chakula hakipiti wala huoni raha ya kitu chochote, huenda ni sonona ya baada ya kujifungua, na huo ni ugonjwa unaotibika. Siku ya kliniki, mtoto akishapimwa uzito, mwambie nesi kwamba na wewe unataka kuonwa. Ikikujia fikra ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na usiende peke yako.

Nakuomba pia usiandike barua ya kuacha kazi ukiwa katika hali hiyo. Kabla ya kuanza ushauri huu nilikaa ofisi za utumishi miaka kumi na tisa. Nimepokea barua nyingi za kinamama zilizoandikwa wiki ya mwisho ya likizo ya uzazi. Baadhi yao walirudi baada ya miezi mitano sita kuuliza kama nafasi bado ipo, na mimi ndiye niliyelazimika kuwaambia kwamba imeshajazwa. Nyuso zile sijazisahau.

Sasa tuje kwenye hesabu ya mume wako, maana ndiyo inayokusukuma. Sidhani anakuonea. Watu wengi, wanawake kwa wanaume, huipiga hivyo hivyo: wanachukua mshahara wa mama, wanatoa dada, wanatoa nauli, wanatoa chakula cha mchana, wanasema hakuna kilichobaki.

Tuipige upya kwa kalamu na karatasi. Hukuniambia dada ulikuwa unampa kiasi gani, kwa hiyo nitaweka makadirio, wewe utarekebisha. Tuseme analipwa 120,000, na chakula chake na sabuni ni 80,000. Nauli yako na chakula cha mchana tuseme 150,000 kwa mwezi. Jumla ni 350,000. Ukiitoa kwenye 730,000 inabaki 380,000. Hizo zinakwenda wapi? Nina hakika unazijua: unga, gesi, umeme, ada ya chekechea, dawa za mama Korogwe, mchango wa kikoba. Fedha inayoliwa na nyumba haionekani, kwa sababu kila mtu ameila. Ya dada inaonekana kwa sababu unamhesabia mkononi mwisho wa mwezi. Ndiyo maana nyote wawili mmeamini kwamba mshahara wako unaishia kwa dada, kumbe unaishia mezani kwenu.

Kuna nyingine ambayo hamkuiandika kabisa. Kwenye mshahara wa 900,000 unakatwa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani 90,000, na kwa utaratibu uliozoeleka mwajiri anaweka 90,000 nyingine. Ni 180,000 kila mwezi kwa jina lako. Ukiiongeza kwenye ile 380,000, nyumba yenu inapoteza 560,000 kwa mwezi siku utakayoacha kazi. Na kama kampuni inawakatia bima ya afya wewe na watoto, itie nayo kwenye karatasi, maana mtoto mchanga na hospitali ni majirani.

Tena pensheni ya NSSF inataka michango ya miezi 180. Ukiwa umechangia miaka sita kamili una 72, umebakiza 108, ambayo ni miaka tisa. Ungeifikisha ukiwa na miaka 40, na miaka yote ya mbele ikawa ya kuikuza. Mwanamke anayeacha akiwa na michango 72 halafu asirudi kuchangia anauingia uzee bila pensheni ya kila mwezi. Uzee huo ndio humwangukia binti yake, kama wa mama yako ulivyokuangukia wewe leo. Usitegemee pia kwamba utaacha kazi kisha ulipwe fao la kukosa ajira. Aliyeacha kwa hiari yake hahesabiwi kuwa amepoteza ajira. Kiinua mgongo cha kisheria nacho, kile cha siku saba za mshahara kwa kila mwaka uliotimia, hulipwa pale mwajiri anapomwachisha mtu, si mtu anapojiondokea.

Halafu kwa nini dada akatwe kwenye mshahara wako peke yako? Mtoto ni wa watu wawili. Mume wako anaweza kwenda Tunduma na kukaa njiani wiki tatu kwa sababu kuna mtu nyumbani anayewaangalia watoto wake. Huyo mtu anamwezesha yeye kushika usukani kama anavyokuwezesha wewe kushika vitabu vya hesabu. Hata hivyo katika miaka yangu yote sijasikia dereva akiambiwa mshahara wake unaishia kwa dada. Gharama ya kulea iandikeni juu ya karatasi kama mnavyoandika kodi ya nyumba, kabla ya mshahara wa yeyote. Ikishakaa pale, hata mazungumzo yenu yatabadilika.

Lingine ni muda. Mtoto mchanga ndiye ghali kuliko wote. Akifika miaka mitatu mzigo unapungua, akifika sita yuko darasa la kwanza. Wewe una miaka 29 mbele yako mpaka ufike 60. Mnataka kuamua juu ya miaka 29 kwa kutumia bei ya miaka mitatu.

Kuhusu kujiona mama mbaya, hili sitaki lipite haraka, maana ndilo linalokula roho. Bibi yangu alilima milima ya Usambara akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto akishaachishwa titi, alibaki na dada yake wa miaka tisa au kumi, au na binti wa shangazi. Hakuna aliyemuuliza bibi kama anachagua kazi au watoto, kwa sababu shamba lilikuwa nyuma ya nyumba na wasaidizi walikuwa ndani ya ukoo. Siku hizi kazi imehama. Imekwenda Kurasini, Posta, viwandani Mikocheni na Ubungo, na ina saa ya kuingia. Yule dada wa miaka tisa naye amekwenda shule, na ni haki yake kuwa huko. Aliyebaki pale pale na mtoto, akitegemewa afanye yote mawili kama bibi, ni mama. Unachokiona kama udhaifu wako ni kazi iliyoondoka nyumbani bila kumbeba mtoto.

Wanauchumi wamelipima jambo hili. Claudia Goldin, aliyepewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, ametumia sehemu ya maisha yake ya kitaaluma kuonyesha kwamba kazi nyingi zinazolipa vizuri ni zile zinazomtaka mtu awe tayari saa yoyote, na mwenye mtoto hawezi kuwa tayari saa yoyote. Denmark, nchi yenye vituo vya watoto kila mtaa, Henrik Kleven na wenzake walifuatilia vipato vya wanaume na wanawake. Vilitembea pamoja mpaka mtoto wa kwanza alipozaliwa, kisha vya wanawake vikashuka na kukaa chini kwa takriban asilimia 20 kwa miaka mingi. Vya akina baba havikutikisika. Walipopanua utafiti hadi nchi nyingi za dunia waliona kwamba pale watu wengi wanapoishi kwa kulima pengo ni dogo, na hukua kadiri watu wanavyoingia kwenye mishahara na miji. Ndiyo safari ya bibi yangu hadi kwako. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2024 kwamba wanawake milioni 708 wako nje ya soko la ajira kwa sababu ya kulea na kuuguza. Wanaume ni milioni 40. Ukilia tena usiku, kumbuka kwamba kitanda chako si cha peke yake.

Huko kwenu forodha unaliona kwa macho. Meli ikichelewa, nyaraka zinapitishwa usiku. Anayeweza kubaki hadi saa nne ndiye bosi anayemjua kwa jina, na mwaka ukiisha ndiye anayepandishwa. Anayekimbilia daladala ya Chanika saa kumi na moja anaonekana hajitumi, hata kama vitabu vyake havina kosa la senti. Sikwambii hili likukatishe tamaa. Nakwambia ili ukirudi usijishindanishe na mtu asiye na mtoto kwa saa za kukaa ofisini. Omba kazi ambazo ubora wake unaonekana kwenye karatasi: usuluhishi wa benki (kulinganisha vitabu vyenu na taarifa ya benki), ritani za kodi, hesabu za mwezi. Hizo hazina habari na nani aliondoka wa mwisho.

Sheria inakupa nini? Nitasema ya Tanzania Bara, maana Zanzibar wana sheria yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Ukirudi, unarudi kwa masharti yale yale uliyoyaacha. Kukufukuza kwa sababu inayohusu ujauzito si halali. Na kuna kifungu ambacho kinamama wengi hawakidai: ukiwa unanyonyesha, mwajiri anatakiwa akuruhusu kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku.

Najua utaniuliza: saa mbili Kurasini zitanifikishaje Chanika? Hazitakufikisha. Ofisi nyingi hukubali zigeuzwe: mama anaingia saa moja baadaye na kutoka saa moja mapema, au anatoka saa mbili mapema. Kwa mtu wa Chanika kutoka saa tisa badala ya saa kumi na moja ni kuikwepa foleni ya jioni yote. Iombe kwa barua, taja kwamba ni haki ya mama anayenyonyesha, pendekeza saa unazotaka, na baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ruhusa ya mdomo hufa siku meneja anapobadilishwa.

Vilevile una likizo ya mwaka ya siku 28. Kama hujaitumia, omba iunganishwe na ya uzazi. Siku 84 ni wiki 12, ukiongeza 28 zinakuwa wiki 16, na mtoto anakaribia miezi minne. Madaktari wanasema anyonye maziwa ya mama pekee hadi miezi sita, kwa hiyo bado kuna pengo la wiki kumi, na hilo litazibwa kwa kukamua. Anza kujifunza sasa. Muulize nesi akuonyeshe kwa mikono, huhitaji mashine. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne kwenye chumba kisichozidi nyuzi joto 25. Dar chumba cha namna hiyo ni nadra, kwa hiyo yaweke kwenye friji, ambako hukaa hadi siku nne, au kwenye kasha lenye barafu. Dada amnyweshe kwa kikombe kisafi.

Na sasa dada mwenyewe. Hapa nitakuwa mkali kidogo, nivumilie. Umeandika kwamba ameondoka bila kuaga, sentensi moja, kisha ukaendelea. Lakini maamuzi yako yote yanamning'inia yeye. Yeye ndiye mwajiriwa anayekuwezesha wewe kuwa mwajiriwa. Nimeongea na mabinti wengi wa kazi za ndani, na sababu za kuondoka ghafla zinajirudia: mshahara unaopigwa tarehe, kutokuwa na hata siku moja ya kupumzika, kulala wa mwisho na kuamka wa kwanza, kusimangwa mbele ya wageni, na kuogopa kuaga kwa sababu akiaga atanyimwa haki yake. Sheria ile ile inayokupa wewe siku 84 inamhusu na yeye. Anastahili mapumziko na likizo. Aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kabisa, na mimi binafsi nisingemwachia mtoto wa miezi minne binti aliye chini ya miaka 18.

Tafuta mtu mzima kidogo, ikiwezekana mama wa mtaani kwenu anayekuja asubuhi na kurudi kwake jioni. Andikeni makubaliano, hata kwenye daftari: mshahara, tarehe, siku ya mapumziko, na nani ataitwa mtoto akipandisha homa. Mlipe siku unayolipwa wewe. Ukimpa Jumapili yake, utapata Jumatatu yenye mtu nyumbani. Awe nawe angalau wiki mbili kabla hujarudi kazini, umwone anavyombeba mtoto akilia. Kwa hiyo utafutaji uanze leo.

Vituo vya kulelea watoto mchana ni njia nyingine, ingawa vingi hupenda aliyekwisha kuanza kutembea. Ukimpeleka baadaye, hakikisha kimesajiliwa na Ustawi wa Jamii, na nenda ukitazame saa nne asubuhi bila kutoa taarifa. Kituo kizuri kinaweza kubadili maisha. Kule Korogocho, Nairobi, watafiti waliwasaidia kinamama kulipia ada za vituo hivyo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba uwezekano wa kuwa kazini ulipanda kwa pointi 8.5 za asilimia kwa waliosaidiwa kuliko kwa wasiosaidiwa. Kinamama waliokuwa peke yao waliweza kuhamia kazi zenye saa za kawaida bila kipato chao kupungua. Hawakuongezewa bidii, bidii walikuwa nayo. Waliongezewa mahali pa kumwacha mtoto.

Mama mkwe wako usimpuuze. Anaposema mtoto mchanga haachwi na mtu baki, ana sehemu ya ukweli, kwa sababu dada mgeni akiachwa na mtoto peke yake ni hatari. Basi mwombe kwa heshima: "Mama, nakuomba uje ukae nasi mpaka mjukuu wako afikishe miezi sita, dada afanye kazi, wewe uangalie." Kama ana nguvu na shughuli zake zinamruhusu, umepata ulinzi ambao hakuna kituo kitakachokupa. Kama hawezi, atakuwa ameona mwenyewe kwamba wasiwasi hautoshi kumlea mtoto. Ombi hilo ni vizuri litoke kwa mume wako.

Duka la nyumbani. Watu husema duka ni kazi ya mama kwa sababu analea huku anauza. Nimeona yanayofanikiwa, na mengi ni ya waliopenda biashara tangu mwanzo. Lakini duka likiwa barazani, mama anahesabiwa kuwa yuko nyumbani, na aliye nyumbani anatumwa. Atampeleka mtoto kliniki, atapokea wageni, atakwenda msibani, atapika, na duka litafungwa mara tatu kwa siku. Sukari ya duka inakuwa sukari ya chai. Mtaji unaliwa kidogo kidogo bila mtu kuiba. Na mtu aliyekuwa na saa zake za kazi anaamka saa kumi na moja alfajiri na kufunga saa nne usiku. Kama unalitaka kwa moyo wako, sitakuzuia, ila kwanza nataka ulipime wakati bado una mshahara. Anzeni dogo, aliuze mtu mwingine, uone miezi mitatu linaingiza nini baada ya kutoa kila kilicholiwa.

Ukifika kweli kwenye kuacha, basi leseni na TIN viwe kwa jina lako, akaunti iwe yako, na uendelee kuchangia NSSF kama mtu aliyejiajiri ili zile 72 zisilale. Vikundi vya wanawake vina fungu lake kwenye mikopo isiyo na riba ya halmashauri, asilimia 4 kati ya ile 10 ya mapato ya ndani, na maelezo yako kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Usidharau maandishi kati ya mke na mume. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, na kinamama wengi wamenufaika na hukumu hiyo. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa sababu mahakama iliona mumewe alikwisha kumpa fedha za kuanzishia biashara na hazikwenda huko. Ndoa yako naiombea heri. Nakwambia tu kwamba mtaji wa duka huwa na tafsiri mbili, na ni vema ijulikane tangu siku ya kwanza ni ipi.

Wapo ninaowashauri waache. Mama mwenye mtoto mgonjwa anayehitaji uangalizi wa kila saa, na hakuna mwingine. Mama mwenye kazi isiyo na mkataba wala NSSF, ambaye kweli nauli na dada vinazidi anachopata. Mama anayesumbuliwa na bosi na ameshashindwa njia zote. Wewe, kwa ulivyoniandikia, si miongoni mwao.

Mama yako wa Korogwe ameniumiza zaidi, kwa sababu hapo sheria haikusaidii sana. Ile likizo fupi ya siku nne yenye malipo inatolewa mtoto wako anapougua au kufariki, na mzazi anapofariki. Mzazi akiwa hai na mgonjwa haimo. Kilichobaki ni likizo ya mwaka au makubaliano ya likizo bila malipo. Kwa hiyo jibu litatoka kwenye familia, na hapo lazima useme na kaka zako. Kuwa binti si kazi ya zamu ya saa ishirini na nne. Itisha kikao, hata kwa simu, watatu nyote pamoja na mjomba au mtu mnayemheshimu. Wekeni mezani mambo mawili kwa pamoja, fedha na saa. Nani anampeleka mama mazoezini, nani analala naye, nani analipa dawa za presha, na mtu wa kumhudumia pale Korogwe analipwa na mfuko gani. Kaka akisema hana nafasi ya kumkogesha mama, sawa, atoe fedha za anayemkogesha. Usikubali kwamba wao wachangie pesa wakikumbuka na wewe uchangie maisha. Na usimhamishie mama Chanika mwezi huu. Mgonjwa wa kiharusi na mtoto mchanga chini ya dada mmoja mgeni, wote watatu wataumia. Hilo litazameni tena mtoto akivuka mwaka.

Zungumza na mume wako akiwa nyumbani, ameshalala vizuri, siyo kwa simu akiwa mizani. Mwonyeshe karatasi, mwache naye aishike kalamu. Huenda nyuma ya hesabu yake kuna hofu: anakuwa Tunduma usiku, watoto wako na mtu asiyemjua, na hawezi kufika. Hofu hiyo ni halali, na dawa yake ni mpango wa nani anafika haraka mtoto akiugua. Mpatieni mtu wa pili, jirani au ndugu aliye karibu, namba yake ibandikwe ukutani. Lakini kama mazungumzo yanageuka vitisho, au unakatazwa kazi kwa kupigwa au kunyimwa matumizi, hilo limevuka ushauri wa barua. Kila wilaya ina ofisa ustawi wa jamii, na vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Ofisini nako, wakikukatalia saa za kunyonyesha, wakikurudisha cheo, au wakikushinikiza uandike barua ya kuacha, usisaini chochote siku hiyo. Nenda kwa ofisa kazi au chama cha wafanyakazi, na baada ya hapo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Kwa aliyeachishwa kazi isivyo halali muda wa kufungua mgogoro ni siku 30. Migogoro mingine ni siku 60. Siku hizo hukimbia, hasa kwa mtu anayeamka usiku kunyonyesha.

Kwa sasa ninachokushauri ni kurudi kazini, na kuitazama upya hesabu hii mtoto akifikisha mwaka mmoja, ukiwa umelala. Barua ya kuunganisha likizo na ya saa za kunyonyesha iwe mezani kwa mwajiri wiki hii, kabla wiki zako tatu hazijawa mbili. Na kliniki, mwambie nesi.